Khukuri yako si laini

Nimetumiwa tena picha ile ile. Khukuri mpya, kile kisu kizito kilichopinda cha Nepal, makali yamelala upande pale tumboni, kwenye mkunjo mpana unaopiga, sehemu ndogo tu ya upana wa ukucha, na chini yake ujumbe: "Fundi, nimeuziwa bati. Nitilie matiko upya, kisu kizima kifike 62." Mwenyewe alipiga fundo la mti mkavu, makali yakalala, akaamua chuma hakifai. Sifanyi kazi hiyo, na leo naeleza kwa urefu sababu zake.

Hiyo 62, namba ya ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell, inatoka kwenye visu vya aina nyingine kabisa. Mpenzi wa visu anayeagiza kisu kisichokunjwa kwa fundi wa Marekani husoma kwanza jina la chuma, S30V au CPM-3V, kisha namba ya ugumu ya Rockwell, kisha bei. Kwa kisu cha kuchunia au kuchongea, namba kubwa ina faida yake, maana makali membamba hayaishi upesi. Tatizo ni pale anapoibeba namba hiyo hadi kwenye chombo cha gramu 600 au 700 kinachoshuka kwa nguvu zote za bega kwenye gogo. Kisu cha kukata kwa kuvuta huchoshwa na msuguano, cha kukata kwa kupiga huchoshwa na mshtuko. Ukizidisha ugumu wa chuma kile kile, unakipunguzia uwezo wa kustahimili mshtuko. Hakuna fundi anayeweza kukupa vyote viwili kwa kiwango cha juu.

Tazama khukuri inavyotiwa matiko kwao. Wahunzi wa Kami, jamii ya wafua chuma ya huko Nepal, ambao wengi hutumia jina la Bishwakarma, hufua sana springi za malori, mara nyingi chuma cha jamii ya 5160 chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo. Bapa likishachongwa hupashwa moto hadi liive rangi, na mhunzi huisoma rangi hiyo kivulini kwa sababu juani inadanganya. Halafu halichovyi lote. Anashika birika, la chai hasa, na kumimina maji kwenye makali peke yake, anakwenda na kurudi tumboni kwa sekunde chache, huku mgongo ukibaki na joto lake. Mgongo wa khukuri una unene wa milimita 8 hadi 10, kwa hiyo umebeba joto jingi. Joto hilo hurudi polepole kwenye makali na kuyapunguzia wepesi wa kumeguka. Kuzima, yaani kupooza chuma ghafla kiwe kigumu, na kurudisha moto, yaani kukipasha tena kidogo kisimeguke, vinafanyika kwa mkupuo mmoja, bila tanuri wala kipimajoto.

Kwa hiyo khukuri haina namba moja. Kwenye kazi nzuri tumbo hufikia 55 hadi 58 hivi, ncha iko chini kidogo, sehemu ya karibu na mpini chini zaidi, na mgongo unaweza kuwa hata chini ya 40. Muuzaji akikutajia namba moja bila kukuambia alipima wapi, hajakuambia kitu.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua tupa ndogo mpya, shika khukuri makali yakiwa juu, sukuma tupa polepole bila kukandamiza, ukianzia karibu na kile kipengo kidogo cha kwenye makali, jirani na mpini, wanachokiita cho. Pale tupa itang'ata, utaisikia ikikwama mkononi na kuacha vumbi la chuma. Songa mbele. Ukifika tumboni, tupa inaacha kung'ata na kuteleza kama imepita kwenye kioo, hata mlio wake unapanda. Endelea hadi nchani, itaanza kung'ata tena kidogo. Ukipata mpangilio huo, mikononi mwako una khukuri iliyotiwa matiko na mtu anayejua kazi. Sasa fanya hivyo kwenye panga lako la shambani: tupa itang'ata kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndivyo lilivyokusudiwa, kwa kuwa mkulima hulinoa kwa tupa hiyo hiyo huko huko shambani. Hakuna anayelilaumu panga kwa hilo.

Nije kwenye makali yaliyolala, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Makali yanayopigwa na kitu kigumu kuliko yalivyotegemea yana njia mbili tu: yalale au yameguke. Yakilala, chuma bado kipo chote, kimeinama tu. Yakimeguka, kipande kimekwenda, na dawa yake ni kusaga ubavu mzima wa tumbo hadi ufikie pengo lilipoishia. Khukuri huja na visu viwili vidogo kwenye ala yake. Kimoja ni karda, cha kazi ndogondogo. Kingine ni chakmak, butu, kigumu, na wanunuzi wengi hukitupa kabatini wakidhani ni pambo. Hicho ndicho cha kunyanyulia makali yaliyolala. Pitisha ukucha kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali; upande unaokwama ndio makali yalikolalia. Kandamiza chakmak upande huo, ivute kando ya makali kutoka cho kuelekea nchani, rudia, punguza nguvu kila mara, kisha malizia pande zote mbili kwa wepesi. Ni kazi ya dakika chache ukiwa umekaa juu ya gogo lile lile. Mtu anayeniomba 62 ananiomba nibadilishe tatizo la dakika chache kwa tatizo la siku nzima kwenye mawe.

Zipo khukuri laini kweli, nakubali. Lakini nyingi zinazoletwa kwangu kwa shtaka hilo zilichomwa baada ya matiko, kwenye jiwe la mashine lililozipa makali ya mwisho, au na mwenyewe kwa grenda. Chuma chembamba cha makali kikigeuka bluu kimeshapita nyuzi 290 hivi, na ugumu wake umeshuka. Huo ni utepe mwembamba tu wa mwisho. Uondoe kwa jiwe la mkono lenye maji, noa mara kadhaa, na chini yake utakuta chuma kizima.

Lile la kwamba khukuri ikichomolewa lazima ionje damu, tuliache. Ni chombo kinachopasua kuni, kinachokata majani ya mifugo na kumenya vitunguu siku nzima.

Mashaka yangu yapo kwingine. Vitabu vya chuma vinasema 5160 izimwe kwenye mafuta, kwa sababu maji huipasua. Birika halijasoma vitabu hivyo, na khukuri nyingi zinatoka salama kwa kuwa utepe mdogo tu ndio unaopoozwa ghafla. Lakini nyufa hutokea. Kagua tumbo kwa taa ya pembeni kabla ya kulipa, ukitafuta mstari mwembamba kama unywele unaopanda kutoka kwenye makali. Ufa huo hauponi.

Na hata sifa za mgongo laini hazinikai sawa zote. Chama cha wafua visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, hutahini wanachama wake kwa kisu kinachokata kamba inayoning'inia, kupasua mbao, kunyoa nywele za mkono, kisha kupindwa nyuzi 90 kwenye jiliwa bila kuvunjika. Mgongo laini hufaulu mtihani huo vizuri. Ila chuma laini na kigumu hupinda sawa kwa nguvu ile ile mwanzoni. Tofauti ni kwamba kilaini hubaki kimepinda mapema, wakati kigumu kilichorudishiwa moto vizuri hujirudi. Na nani atapinda kwa mikono bapa la milimita 9? Zipo khukuri za 5160 zilizozimwa nzima kwenye mafuta na kurudishwa hadi 56 au 57, na zinapiga kazi bila aibu. Nikiulizwa ni ipi bora kwa gogo, nitasema angalia unene wa makali na pembe yake kwanza, kwani hivyo viwili huharibu visu vingi kuliko matiko.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Nyanyua makali kwa chakmak, noa kwa jiwe la mkono hadi uondoe kama milimita moja, kisha pitisha tupa. Ikiteleza tumboni, usiniletee. Iking'ata tumbo zima hata baada ya hapo, niletee, lakini ujue mpini lazima utoke, kwa sababu laha, ile gundi ya utomvu inayoshika msuka, mkia wa bapa ulio ndani ya mpini, haistahimili moto, na bapa linaweza kujipinda na kuhitaji kunyooshwa. Na nitaizima makali tu.