Vajont: mlima uliotoa taarifa kwa miaka mitatu

Kazi yangu ni kupima miteremko, yaani kuangalia ubavu wa mlima au ukingo wa bwawa na kusema kama utakaa au utashuka. Kila linapotokea janga huulizwa swali lilelile: hili ni la Mungu au la binadamu? Sina hamu nalo tena. Mvua, volkano na tetemeko havitaki ruhusa ya mtu. Ninachotafuta mimi ni mara ya mwisho ardhi ile ilipotoa dalili, nani aliiona, na alifanya nini baada ya kuiona.

Ndiyo maana wanaoanza kazi hii nawaambia waanze na bwawa la Vajont, kaskazini mwa Italia.

Ukuta wa Vajont ulijengwa katika korongo jembamba, kimo chake karibu mita 262. Kwa upande wa zege sina la kulaumu, maana ukuta huo umesimama mpaka leo. Taabu ilikuwa ubavuni, kwenye mlima Toc. Edoardo Semenza, mwanajiolojia na mtoto wa Carlo Semenza aliyeusanifu ukuta wenyewe, alibaini kwamba sehemu kubwa ya ubavu ule ni poromoko la kale lililokwama njiani. Maji yakaanza kujazwa mwaka 1960. Novemba ya mwaka huohuo kipande cha mita za ujazo zipatazo 700,000 kikaangukia ziwani, na juu mlimani ukafunguka ufa wa kilomita mbili hivi, wenye umbo la herufi M. Mlima ulikuwa umejichorea wenyewe mpaka wa sehemu itakayoondoka.

Wanakijiji walikuwa na wasiwasi tangu mapema. Mwandishi wa habari Tina Merlin aliyeandika kuhusu hofu yao alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo. Mahakama ikamwachia huru.

Wengi wakisikia hadithi hii hudhani wahandisi walipuuza. Hawakupuuza, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Walipima mwendo wa mlima. Walichimba handaki la kupitishia maji ili hata poromoko likiligawa ziwa pande mbili, maji yaendelee kupita. Walijenga maabarani mfano mdogo wa bonde zima, wakamwaga changarawe mahali pa mlima, wakapima mawimbi. Jibu walilopata: ziwa likiwa kwenye kimo cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, hata poromoko kubwa halitaleta madhara ya kutisha. Kisha wakajaribu kuuongoza mlima kwa maji. Wakipandisha maji, unatembea; wakishusha, unatulia. Jambo likikubali mara mbili, mtu huamini amelishika.

Sasa tuingie ndani ya mlima. Katikati ya miamba ile ya chokaa kulikuwa na matabaka membamba ya udongo wa mfinyanzi, yaliyoinama kuelekea ziwani. Kinachouzuia mwamba usiteleze juu ya udongo kama huo ni msuguano, na msuguano unatokana na uzito wa mwamba unaobana. Maji yakipenya yanabeba sehemu ya uzito huo, kwa hiyo mbano unalegea. Hilo kila mhandisi wa udongo analijua. Linalosahaulika ni upande wa pili: ukishusha ziwa, maji yaliyo ndani ya mlima hayatoki kwa kasi ileile, huku maji ya nje yaliyokuwa yakiuegemea ubavu yameshaondoka. Kushusha maji nako kuna hatari yake, hasa mlima ukiwa umeshaanza mwendo.

Mwaka 1963 ziwa lilipandishwa hadi kama mita 710. Mlima ukachangamka, wakaanza kulishusha. Haukutulia. Siku za mwisho ulikuwa ukitembea kufikia sentimita 20 kwa siku. Usiku wa tarehe 9 Oktoba, saa nne na dakika 39, mita za ujazo zipatazo milioni 260 zikashuka kwa pamoja, kwa muda usiozidi dakika moja. Wimbi likaruka juu ya ukuta na kuangukia mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Walikufa watu karibu 2,000. Ziwa lilikuwa kwenye mita 700, kile kimo kilichoitwa salama. Changarawe ya maabara ilikuwa imemiminika polepole. Mlima ulishuka ukiwa bamba moja, kwa kasi ambayo hawakuiweka kwenye hesabu.

Mji wa Armero, nchini Kolombia, ni kisa kifupi zaidi na kwangu kinauma zaidi. Mlipuko wa Nevado del Ruiz wa tarehe 13 Novemba 1985 haukuwa mkubwa kwa viwango vya volkano. Ulichofanya ni kuyeyusha barafu ya kileleni, na tope likafuata mabonde ya mito. Lilichukua zaidi ya saa mbili kuufikia mji, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Mji ulikuwa umejengwa juu ya tope la mwaka 1845, na ramani ya hatari iliyotolewa wiki chache kabla ilikuwa imeuonyesha mji huo ukiwa njiani. Saa mbili zinatosha kupanda kilima kwa miguu.

Ukinibana nitaje janga la asili tupu, nitataja ziwa Nyos la Kamerun. Tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji ya kilindini mwa ziwa ilifumuka ghafla, ikateremka mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikaua watu wapatao 1,700. Ziwa jirani, Monoun, lilikuwa limeua watu 37 miaka miwili kabla, lakini sayansi ilikuwa bado inabishana juu ya chanzo. Mwaka 2001 Nyos likawekewa bomba la kutoa gesi kidogokidogo. Tangu hapo, likifumuka tena, sitaliita la asili tupu.

Ziwa Kivu nalo lina gesi hiyo pamoja na methani, kwa wingi unaolizidi Nyos mbali sana, na pembeni yake wanaishi mamilioni ya watu. Upande wa Rwanda methani inavunwa kuzalisha umeme. Wapo wanaoogopa mitambo hiyo. Mimi naona kupunguza gesi ni kheri kuliko kuiacha ijae. Ila maji yaliyokwisha kutolewa gesi lazima yarudishwe ziwani, na yakirudishwa kina kisichofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoishikilia gesi iliyobaki. Ningepewa michoro ya mtambo wowote pale, ningeanza na kina cha bomba la kurudishia maji.