Memori kadi ya kamera: soma maandishi madogo kabla hujalipa

Msimu wa harusi ukianza, meza yangu hapa chuoni hujaa memori kadi za watu. Mwenye nayo husimama pembeni, na swali ni lilelile: "Mwalimu, picha zitarudi?" Mara nyingine hurudi. Lakini kadi nyingi ninazoletewa zilipewa kazi isiyo saizi yao, kwa sababu mnunuzi alitazama giga tu.

Chukua kadi ya SD uitazame. Kilichoandikwa kwa maandishi makubwa ni ukubwa, tuseme GB 64, na pengine "hadi 170 MB/s". Hiyo ya pili ni kasi ya kusoma, yaani kuhamishia picha kwenye kompyuta, tena kwa kisomea kadi maalumu, maana UHS-I, mfumo wa kawaida wa kadi kupitisha data, hauvuki 104 MB/s. Kamera haihitaji hilo. Kinachoihangaisha kamera ni kuandika, na alama za kuandika ndizo zimebanwa pembeni: 10 ndani ya herufi C, 1 au 3 ndani ya U, au V yenye namba mbele yake. Hizo ni ahadi za kiwango cha chini. C10 na U1 hazitakiwi kushuka chini ya MB 10 kwa sekunde hata ukirekodi mfululizo. U3 na V30 ni MB 30. V60 na V90 zinajieleza.

Hapa wengi huchanganya biti na baiti. Kamera ikisema inarekodi video ya 4K kwa Mbps 100, hizo ni megabiti. Gawanya kwa 8, unapata MB 12.5 kwa sekunde. Kwa hiyo V30 inatosha na kubaki, wakati U1 haikuahidi kufika hapo. Ikishindwa, kamera hukata kurekodi yenyewe, na ina tabia ya kuchagua dakika maharusi wanapoingia ukumbini. Kwa kasi hiyohiyo, GB 64 hujaa kwa dakika 85 hivi. Panga kadi zako kwa hesabu hiyo, si kwa kukisia.

Anayepiga picha mojamoja za JPEG hana haja ya kununua V60. Mpiga picha wa mpira ana hesabu nyingine. Faili moja la RAW, yaani picha ghafi ambayo haijachakatwa, la kamera ya megapikseli 24 linaweza kufika MB 25, hivyo picha tano kwa sekunde ni MB 125. Kamera huzishikilia kwanza kwenye kumbukumbu yake ya ndani, kisha huzimimina kwenye kadi. Kadi ikiwa nzito kuandika, taa inaendelea kuwaka, kitufe kinagoma, na goli limeshafungwa. Hapo ndipo kadi ya UHS-II, yenye safu ya pili ya pini mgongoni na uwezo wa kufika 312 MB/s, inapolipa. Ukiiweka kwenye kamera isiyo na mfumo huo itafanya kazi, ila kwa mwendo wa kadi ya kawaida. Umetupa hela.

Wenye kamera za mitumba wawe makini. SD ya awali inaishia GB 2. SDHC, iliyokuja 2006, inaishia GB 32. SDXC ya 2009 inakwenda hadi TB 2. Kamera mpya husoma kadi za zamani, ila kamera iliyotoka kabla ya SDHC ukiipa kadi ya GB 32 kwa kawaida itakuambia kadi ni mbovu, nawe utamrudia muuzaji umgombeze bure. Nyingine hutumia CompactFlash au CFexpress, ambazo hata umbo ni tofauti.

Sasa feki. Mtu huchukua chipu ya GB 8, akaiprogramu ijitangaze kuwa ni GB 128. Kompyuta inaamini. Unarekodi, majina ya mafaili yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini kila kilichopita GB 8 kimeandikwa juu ya kingine au hakipo kabisa. Ndiyo maana kujaribu kadi dukani kwa picha tatu hakuthibitishi lolote: lazima uijaze yote. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza kadi kisha huisoma kulinganisha. Ni za bure. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kujaa, kwa hiyo fanya hivyo siku uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Ila usipige kelele ukiona GB 64 inasomeka 59.6 kwenye Windows. Hujaibiwa, kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Mimi hupendelea kadi mbili za GB 64 kuliko moja ya 128, na kamera yenye nafasi mbili huiwekea zote, iandike nakala kotekote. MicroSD ya simu ndani ya adapta itafanya kazi, lakini siipendekezi kwa kazi ya malipo: kila kiungio ni mahali pa kulegea. Alama za A1 na A2 ni za programu za simu, zisikupandishie bei.

Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, baada ya kuhakikisha picha zimeshahama. Ukifuta kwa bahati mbaya, itoe hapohapo, usipige hata picha moja zaidi. Programu ya PhotoRec inaweza kuzirudisha picha, mradi uzihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi ileile.

Na kabla ya kuileta mezani kwangu, tazama kile kitelezo kidogo ubavuni mwa kadi. Kikishuka upande wa "Lock", kamera haiandiki kitu. Nimeshaletewa kadi "mbovu" ambazo nilizitengeneza kwa ukucha.