Siku za kukutana kwa bodi si siku pekee za kujiandikisha

Imani kwamba mkazi wa Alabama, Marekani, huweza kujiandikisha kupiga kura siku bodi ya kaunti, yaani wasajili wa wapigakura, inapokutana tu imedumu kwa miongo mingi, na chanzo chake si uzushi mtupu. Katika kaunti ya Dallas, ulipo mji wa Selma, hadi mapema mwaka 1965 wasajili walikuwa wakifungua ofisi siku mbili tu kwa mwezi, kiasi kwamba mtu mweusi aliyepanga foleni tangu alfajiri aliweza kurudi nyumbani bila hata kuitwa. Kalenda, kwa maoni yangu, ilizuia watu kimyakimya kama ulivyozuia mtihani wa kusoma na kuandika waliopewa waliotaka kujiandikisha.

Sheria za kaunti mojamoja, ambazo hupitishwa na bunge la jimbo kule Montgomery, bado hugusa idadi ya siku za vikao. Hata hivyo, siku hizo huhusu kazi na malipo ya wajumbe wa bodi. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1993, fomu hutumwa kwa posta au hujazwa katika ofisi za leseni za udereva, na siku hizi hata kwa intaneti, mradi siku 14 za mwisho kabla ya uchaguzi hazijaanza.