Chura wako anakonda? Tuletee kinyesi chake kwanza

Juzi kijana mmoja wa Igogo, Mwanza, alituletea chura kwenye kliniki yetu ya mifugo, ndani ya kopo la rangi. Anakula panzi vizuri, alisema, lakini mapaja yanazidi kuisha. Waliokuwa foleni na mbuzi na mbwa wao walicheka. Tulimuuliza: kinyesi chake kiko wapi? Akafungua gazeti. Kilikuwa kimekauka, cha siku tatu.

Hicho hakitufai. Kinyesi kikilala, minyoo ya udongoni huingia humo, na kwenye hadubini ni vigumu kuitofautisha na ile ya tumboni. Leta cha siku hiyohiyo, kwenye kichupa safi chenye kifuniko, na tone la maji kisikauke.

Kukuta minyoo si ajabu. Vyura wengi wa porini wanayo na wanaruka tu. Shida ni beseni anamofugwa. Chukua minyoo ya mapafu: mayai yake hupanda kooni, chura akayameza, vitoto vikatoka na kinyesi. Kwenye udongo wenye unyevu vinakua, na kizazi kinachofuata kinatoboa ngozi ya chura, kama safura inavyomwingia mtu anayetembea pekupeku. Chura wa bondeni huruka akakiacha kinyesi chake. Wa kwenye beseni anakilalia. Kwa hiyo wakati wa tiba tandika karatasi ya chooni iliyoloweshwa, uibadilishe kila siku, la sivyo dawa yetu ni kazi bure.

Na dawa yenyewe usimkadirie ile ya mbuzi. Chura wa gramu 30 ni sehemu moja ya 1,000 ya mbuzi wa kilo 30, hivyo "katone kadogo tu" kanaweza kumuua. Sisi humpima kwa mizani ndogo ya aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu.

Ngozi yake inafyonza kila kitu: sabuni ya mikononi, dawa ya mbu, hata klorini. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kumwekea. Usikimbilie kuchota ziwani. Hapo namhofia mchotaji kuliko chura. Konokono wa kwenye magugu ya ufukweni hutoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache.

Kijana alirudi kesho yake na kichupa cha dawa ya macho alichokisafisha. Vitoto vya minyoo vilikuwa vinajinyonganyonga. Chura: gramu 22. Tunampima tena baada ya wiki mbili.