Shotigani inayojikoki kwa uwindaji wa fezanti: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Fezanti ni ndege rasmi wa jimbo la Dakota Kusini, Marekani, tangu 1943. Msimu unapofunguliwa kila Oktoba, watu hutembea kutwa katika nyasi ndefu na mabua ya mahindi, mbwa wakiwa mbele, wakisubiri jogoo aruke. Kiwango ni majogoo watatu kwa mtu kwa siku, mitetea haipigwi. Wengi hubeba shotigani inayojikoki: ukivuta triga ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia chembani, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, bila wewe kugusa bolti, chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Ni silaha nzuri kwa kazi hii, lakini imezungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli. Mtu huyalipia kwanza kwa fedha dukani, kisha kwa ndege wanaojeruhiwa na kupotelea vichakani. Hilo la pili ndilo linalouma zaidi.

"Chukua yenye chemba ndefu kuliko zote, ndiyo yenye nguvu"

Shotigani za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba) huuzwa zikiwa na chemba ya inchi 2¾ (milimita 70), inchi 3 (76) au inchi 3½ (89). Ile ya 89 ilibuniwa kwa ajili ya bata bukini na marisau mazito ya chuma. Fezanti huruka mita 15 hadi 35 kutoka kwako, na risasi ya kawaida ya milimita 70 yenye gramu 35 za marisau namba 5 (namba ikipungua, chembe ni kubwa zaidi) inamtosha kabisa. Bunduki ya chemba ya 89 mara nyingi ni nzito zaidi, na baadhi husitasita kujikoki ukiipa risasi nyepesi. Chemba ya 76 ndiyo chaguo la busara, maana inameza risasi za 70 na za 76 bila taabu.

Kosa la upande wa pili ni hatari. Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Kwa hiyo risasi ya 76 ambayo haijapigwa inaweza kuingia vizuri kabisa katika chemba ya 70, na mtu akadhani inafaa. Ikilipuka, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, njia ya marisau hubanwa na shinikizo hupanda. Soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, usipime kwa kuingiza. Na kamwe usichanganye geji 20 na geji 12 katika mfuko mmoja. Risasi ya geji 20 huteleza ndani ya chemba ya 12, ikakwama mbele kidogo. Mwindaji huona chemba tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano.

"Ya gesi huchafuka, ya inesha haina matatizo"

Hapa pana ubishi usiokwisha, na kila upande una nusu ya ukweli. Ili uchague vizuri, lazima ujue kila mfumo unafanyaje kazi.

Katika bunduki ya gesi, kama Remington 1100 iliyotoka 1963 au Beretta A400, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hupenya kwenye matundu yaliyo chini ya mtutu, husukuma pistoni, na pistoni husukuma bolti nyuma. Kazi hiyo husambaza teke katika muda mrefu zaidi, ndiyo maana bega hulisikia kama msukumo kuliko kama pigo. Gharama yake ni masizi: hujikusanya kwenye pistoni, kwenye matundu na juu ya bomba la magazini. Katika Remington 1100 kuna oringi ya mpira inayoziba gesi mbele ya pistoni. Ikipasuka au ikisahaulika wakati wa kuunganisha, bunduki inageuka ya risasi moja moja. Beba oringi ya akiba mfukoni, ni ya bei ndogo.

Katika mfumo wa inesha, ambao Benelli ya Italia imeujengea jina tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuna gesi inayochukuliwa. Risasi inapolipuka bunduki nzima hurudi nyuma, lakini mwili wa bolti, kwa uzito wake, hubaki palepale kwa muda mfupi sana. Springi fupi na ngumu iliyo kati ya mwili huo na kichwa cha bolti hubanwa, kisha huachia, hukirusha nyuma kile chuma, kichwa kinazunguka na kufunguka. Ni safi kweli, kwa sababu masizi karibu yote hutokea mdomoni mwa mtutu. Lakini bunduki lazima ipate nafasi ya kurudi. Ukiongeza uzito kwa kufunga tochi, bomba refu la magazini au mkanda wa risasi kwenye kitako, inarudi polepole, springi haibanwi vya kutosha, na ganda linakwama dirishani, pale linapotokea nje. Risasi nyepesi za gramu 24 huleta tatizo hilohilo.

Kuna kasoro nyingine ya mfumo huu ambayo mwindaji wa ndege anapaswa kuijua kabla haijamkuta. Anajaza risasi asubuhi, anaiachia bolti taratibu kwa mkono ili isipige kelele, au mkono wa bolti unagonga nyasi ngumu njiani. Kichwa cha bolti hakizunguki hadi mwisho. Jogoo anaruka, triga inavutwa, kinasikika "tik" na basi. Dawa ni kuiachia bolti iende kwa nguvu yake yote kwa kubonyeza kitufe chake, halafu, mdomo ukiwa unaelekea salama, kusukuma mkono wa bolti mbele kwa kiganja uhakikishe umefika. Rudia ukaguzi huo kila baada ya kuvuka uzio au kichaka kigumu. Uzio wenyewe unavukwa bunduki ikiwa tupu.

Kwa anayetembea kilomita nyingi, geji 12 ya inesha yenye uzito wa kilo 3 hivi ni nafuu ya mikono. Kwa mwenye bega jepesi au anayepiga pia sahani nyingi za udongo mazoezini, ya gesi ni bora. Geji 20 ya gesi, chini kidogo ya kilo 3, yenye gramu 28 za marisau, kwa maoni yetu haithaminiwi inavyostahili.

"Ikigoma, panua matundu ya gesi"

Hapana. Aliyetoboa upya matundu hupata bunduki inayojikoki kwa risasi nyepesi, kisha siku ya risasi nzito bolti inarudi kwa kasi isiyopimwa, inagonga nyuma ya bodi, sehemu ya kati inayobeba bolti, na kuvunja vipuri. Karibu kila mara tundu halikuwa dogo, lilikuwa limezibwa. Lizibue kwa kijiti laini au brashi ndogo na kiyeyusha masizi, bila kugusa kipenyo chake.

Ukimaliza hapo, angalia mahali wengi wasipofika: springi ya kurudisha bolti. Katika bunduki nyingi, zikiwemo Remington 1100 na Benelli M2, springi hiyo imefichwa ndani ya bomba lililo katikati ya kitako. Maji ya mvua na mafuta yanayotiririka kutoka kwenye bodi huishia humo, yanaganda au yanaleta kutu, na bolti inakuwa mvivu. Watu hubadilisha risasi, hubadilisha pistoni, na ugonjwa uko kitakoni. Toa kitako, toa springi, sugua bomba mpaka likauke, paka mafuta kidogo sana, rudisha.

"Mafuta mengi ni ulinzi"

Mafuta mengi hukusanya vumbi la mabua na masizi yakawa tope. Mnamo Desemba, halijoto ikiwa chini ya sifuri, tope hilo huwa zito kama gundi. Matone mawili kwenye njia za bolti, filamu nyembamba kwenye vyuma vya nje, na bomba la magazini la bunduki ya gesi lipanguswe hadi libaki karibu kavu. Bunduki mpya nayo huja na grisi nzito ya kuzuia kutu ghalani, siyo ya kulainisha. Ifute yote, kisha piga pakiti mbili za risasi za wastani hadi nzito kabla hujaihukumu.

"Mtutu mrefu hupiga mbali"

Kati ya inchi 26 na 28 tofauti ya kasi ya marisau ni ndogo mno, fezanti haitambui. Urefu hausaidii kuyaweka marisau pamoja pia; hiyo ni kazi ya choki, kipande cha mdomoni tutakachokieleza hapa chini. Mtutu mrefu husaidia kitu kimoja: mkono ukishaanza kumfuata ndege, hausimami haraka.

"Bana choki, ufike mbali"

Choki ni kipande kinachoingizwa mdomoni mwa mtutu na kuubana kidogo. Iliyo wazi kabisa haibani kitu. Inayofuata hubana takriban milimita 0.25, ya wastani 0.5, na iliyobana sana karibu milimita 0.9 au zaidi. Kipimo cha zamani ni asilimia ya marisau yanayoingia katika duara la sentimita 76 kwa yadi 40, yaani mita 36.6: takriban 40 kwa iliyo wazi, 50, 60, na 70 kwa iliyobana sana. Katika choki za Beretta na Benelli, mikato ya ukingoni husomwa kinyume na wengi wanavyodhani: mikato mitano ni wazi kabisa, minne ni ile ya 0.25, mmoja ndiyo iliyobana kuliko zote.

Kwa ndege wa mita 20, choki iliyobana sana inakupa wingu dogo kiasi kwamba unamkosa kabisa au unamharibu nyama. Choki ya mikato minne ndiyo ya kuanzia msimu. Ya mikato mitatu, yaani ya wastani, ni ya Desemba, majogoo wakishajifunza kuruka mapema.

Lakini maandishi ya choki ni ahadi tu. Tundika karatasi ya mita 1.2 kwa 1.2, pima mita 27 kwa utepe, piga risasi ileile utakayowindia. Zungushia duara la sentimita 76 pale matundu yalipojaa zaidi. Gramu 35 za ledi namba 5 ni marisau 210 hivi, kwa hiyo hesabu inawezekana. Kisha tafuta mapengo: sehemu ambayo kiganja chako kinakaa bila kugusa tundu ni sehemu ambayo jogoo anapita. Tumia karatasi tatu au zaidi kwa kila choki, kwani moja hudanganya.

"Kitako kikikaa begani, kinatosha"

Katika shotigani, jicho lako ndilo shabaha ya nyuma. Likikaa pembeni kidogo au juu kidogo, marisau yanalifuata. Kiwandani hutengenezwa kitako cha mtu wa wastani, halafu kwenye sanduku huwekwa shimu, vipande vyembamba vya kubadilisha mkao wa kitako, ambazo wanunuzi wengi huziacha kwenye mfuko wake wa plastiki. Hizo shimu ni sehemu ya bei uliyolipa.

Vaa koti lile la kuwindia, maana sentimita moja ya nguo hubadilisha kila kitu. Hakikisha chemba na magazini ni tupu. Funga macho, inua bunduki begani, fumbua. Unatakiwa kuona shanga ya mbele, ile ya kulengea mdomoni mwa mtutu, ikiwa katikati ya reli, ukanda ulio juu ya mtutu, na reli ionekane kidogo tu. Kisha nenda uwanjani: kwa umbali wa mita 15 hivi, kwenye karatasi yenye alama, inua na upige bila kulenga kwa muda, mara tano. Tafuta kitovu cha kundi. Kila sentimita 2.5 ya kukosea hapo hurekebishwa kwa milimita 1.6 kwenye kitako. Marisau yakienda juu mno, shusha kitako. Yakienda chini, kipandishe. Kwa anayepiga kwa bega la kulia, yakienda kushoto kitako kinahitaji kupinda kulia zaidi.

Kubadilisha shimu: toa mpira wa nyuma ya kitako, fungua nati kwa soketi ndefu, badilisha shimu iliyo kati ya bodi na kitako. Katika mifumo mingi kuna bamba la pili ndani ya kitako, nyuma, lenye alama inayolingana. Ukibadilisha moja na kuacha jingine, nati hukaa upande na mbao hupasuka.

"Ni fezanti, sheria za bata hazinihusu"

Mara nyingine zinakuhusu. Katika maeneo ya shirikisho ya kuzalishia ndege wa majini, ambayo ni mengi Dakota Kusini na mazuri kwa fezanti, marisau ya ledi hayaruhusiwi hata kwa fezanti. Utatumia ya chuma, namba 3 au 2, kwa kuwa chuma ni chepesi na huhitaji chembe kubwa kwa namba mbili hivi. Chuma pia hakibonyei, kwa hiyo wingu lake huwa finyu: legeza choki kwa daraja moja, na usitumie choki isiyoandikwa kuwa inafaa kwa chuma. Zoezi la karatasi linarudiwa upya.

Ukiwinda hua au ndege wengine wahamao kwa bunduki hiyohiyo, magazini lazima iwe na kizibo, ili jumla isizidi risasi tatu, pamoja na ile ya chembani. Kizibo kiwe kipande kimoja kisichotoka bila kufungua bunduki. Na kwa msomaji aliyehamia huko: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hazuiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki, ila aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bila kuwa na sababu iliyotajwa na sheria, mojawapo ikiwa ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Ipate leseni kwanza, bunduki baadaye.