Chanjo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika: maswali ya wazazi kuhusu kinga na lishe ya mtoto

Maswali haya husikika karibu kila siku kwenye mabenchi ya kliniki za mama na mtoto. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania.

Ninamnyonyesha vizuri na ana afya. Kuna haja gani ya sindano zote hizi?

Maziwa yako yanamkinga kweli. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano ambayo bibi wengine bado wanaagiza yakamuliwe na kumwagwa, yamejaa kingamwili. Usiyamwage, mtoto ayanyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na maziwa yawe ndiyo chakula chake pekee hadi atimize miezi 6. Hata maji asipewe.

Lakini kinga ya mama ni ya muda. Ile ya surua aliyoipata akiwa tumboni huisha taratibu kabla hajatimiza mwaka. Chanjo ndiyo inayoufanya mwili wake utengeneze kinga yake mwenyewe, mapema, kabla ugonjwa haujamkuta. Ndui iliua na kupofua watu kwa karne nyingi. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha. Chanjo ndiyo iliyoimaliza.

Anatakiwa kuchanjwa lini?

Akizaliwa hupata BCG ya kifua kikuu kwenye bega la kulia, pamoja na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni zamu ya pentavalenti, sindano moja ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Katika kipindi hichohicho hupata chanjo nyingine ya nimonia, ya polio na ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota. Surua na rubella huchanjwa miezi 9, kisha miezi 18. Binti akifika umri wa miaka 9 hadi 14 hupata chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi kwamba inafunga kizazi si kweli.

Surua si alishachanjwa miezi 9? Ya nini tena?

Hapa ndipo watoto wengi wanapoacha kuletwa kliniki. Baada ya miezi 9 mama amerudi shambani au kazini, mtoto anatembea, kadi imewekwa kabatini. Lakini kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, kama 85 tu ndio ambao miili yao hujenga kinga. Waliobaki wanaonekana wamechanjwa, kadi imejazwa, na kinga hawana. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama, ndiyo maana wote wanarudia.

Na surua si vipele tu vya kupakwa dawa ya kienyeji vikaisha. Huleta nimonia, kuhara na upofu, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Tena hufuta kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine, hivyo aliyepona anaweza kuandamwa na maradhi kwa miezi mingi. Ili isisambae, inabidi watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Tafadhali, itoe kadi uitazame leo.

Homa baada ya sindano, na kile kidonda begani?

Homa ndogo na paja kuuma kwa siku moja au mbili ni kawaida. Mnyonyeshe zaidi, na kama anasumbuka mpe parasetamoli kwa kipimo alichokuelekeza nesi. Kidonda cha BCG hutokea wiki kadhaa baadaye, hutoa usaha kidogo, kisha huacha kovu. Usikikande, usikipake chochote. Homa kali isiyoshuka, degedege, au mtoto kukataa kunyonya: mpeleke kituoni mara moja.

Kwetu chakula kipo tele. Mbona mtoto amedumaa?

Iringa, Njombe na Rukwa zinalisha sehemu kubwa ya nchi, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano huko wamedumaa, Iringa hata zaidi. Kitaifa ni asilimia 30. Gunia la mahindi halitoshi kuwa lishe.

Tazama uji wenyewe. Ukichota kwa kijiko ukamwagika kama maji, mtoto anajaza tumbo maji. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Pika unga wa nafaka moja, kisha ongeza dagaa waliosagwa, yai, maziwa au karanga zilizopondwa, na pembeni mchicha, papai au viazi lishe. Ule unga wa dukani wenye nafaka na kunde kumi pamoja siupendekezi: kila kimoja kina muda wake wa kuiva, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuanzia miezi 6 apewe pia matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, mpaka miaka mitano. Na mwombe mhudumu ampime mkono kwa ule utepe wa rangi: nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu siku hiyohiyo. Miguu kuvimba ni hivyohivyo.

Tulipitisha tarehe, na leo ana mafua. Twende?

Nendeni. Mafua madogo hayazuii chanjo, na dozi alizokwishapata hazianzwi upya. Nesi ataendelea pale alipoishia. Kadi ikipotea, mwambie ulikuwa unahudhuria kituo gani, atafute kwenye rejista.