Kiota ulichokata hakina malkia

Ujumbe umekuja tena, safari hii na picha: kiroba kimejaa majani yaliyoshonwa, majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani na kulinda mikorosho dhidi ya wadudu waharibifu, wanachomoza kwenye mishono kwa hasira, na chini yake maneno, "Mtaalamu, nimepata koloni, nilitundike mkorosho upi?"

Hujapata koloni. Umepata wafanyakazi na mabuu yao, na baada ya muda utaniuliza kwa nini mkorosho umebaki mtupu.

Kiota na koloni ni vitu viwili. Koloni moja la majimoto wetu, Oecophylla longinoda, hushona viota kwenye miti kadhaa na kuimiliki yote. Watafiti wa chungu Hölldobler na Wilson walipowachunguza kule Shimba Hills, Kenya, walikuta koloni moja limeshika miti mikubwa 17. Sasa piga hesabu ya viota vilivyomo katika miti 17, halafu ujue kwamba malkia, ambaye kwa kawaida ni mmoja tu, yumo katika kimoja. Wewe umekata kile ambacho mkono wako ulikifikia.

Kinachofuata ni hiki. Wafanyakazi uliowahamisha watahangaika, watashona jani moja au mawili, watawinda kidogo, na utafurahi. Pupa zilizokuwemo (watoto walio katika hatua ya mwisho kabla ya kuwa chungu wazima) zitaangua, utafurahi zaidi. Baada ya hapo hakuna wa kuzaa wafanyakazi wapya. Ndiyo, wafanyakazi wa majimoto wasio na malkia hutaga mayai, na hapa ndipo watu wanaponikatiza: "Si umeona, wanazaliana!" Mayai hayo hayajarutubishwa. Kwa chungu walio wengi, yai lisilorutubishwa linatoa dume. Dume hawindi, hashoni, halindi mti. Anasubiri siku ya kuruka, anaruka, anakufa. Unafuga madume.

"Lakini jirani yangu alikata kiota, na majimoto wake wapo mpaka leo." Nimeichoka sentensi hii, ila nitaijibu kwa utulivu. Huenda jirani alibahatisha kiota cha malkia. Huenda alikitundika kwenye mti ambao tayari ulikuwa wa koloni hilohilo, basi amewarudisha nyumbani bila kujua. Au walivuka kwenye matawi yanayogusana wakarudi kwa mama yao, na hao unaowaona kwa jirani ni wale wa koloni la zamani. Nikifika shambani naangalia kwanza kama matawi yanagusana, na mara nyingi ninaishia hapo. Kama kweli unataka koloni lililopo lisambae kwenye mikorosho yako mingine, funga kamba kutoka mti hadi mti. Watapita wenyewe, bila kiroba.

Wale wajanja zaidi husema: nitatafuta malkia nimtumbukize kwenye kiota nilichokata. Watamuua. Majimoto hutambuana kwa harufu, na malkia mgeni ana harufu ya mgeni. Atakamatwa miguu yote sita, atavutwa kila upande. Sipendi kuangalia, na wewe hutaipenda hasara.

Kwa hiyo tunaanza na malkia mchanga. Wanaruka msimu wa mvua, wanapandana na madume, wanashuka, wanadondosha mbawa na kutafuta pa kujificha. Mimi hukunja majani ya mwembe, nafunga kwa uzi na kuyaacha mtini, asubuhi nayakagua. Wengine wanawaokota kwenye taa za usiku. Malkia anaingia kwenye neli ya kioo yenye maji nyuma ya pamba, pamba nyingine mlangoni, kisha mahali penye kivuli pasipotikiswa.

Usimpe chakula. Narudia kwa sababu najua mtampa. Malkia huyu anajifungia na kulea watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, ikiwemo misuli ya mbawa ambayo haihitaji tena. Mfaransa Charles Janet alieleza mwaka 1907 jinsi misuli hiyo inavyoyeyuka ndani ya malkia wa chungu aina ya Lasius niger baada ya kuruka. Tone la asali unalomwekea litaota ukungu tu. Na usimchungulie kila saa: malkia anayetikiswa hula mayai yake. (Msichukue hili mkalipeleka kwa chungu wote. Wapo ambao malkia wao hutoka kuwinda akiwa peke yake, hao ukiwanyima chakula unawaua. Na siafu hawaanzishwi na malkia mmoja kabisa; koloni lao linagawanyika na malkia asiye na mbawa anaondoka na jeshi.)

Kazi yenyewe inaharakishwa kwa kutumia pupa. Chukua pupa, si wafanyakazi wazima, kutoka koloni lolote la majimoto na umpe malkia. Pupa hawana kinyongo: mfanyakazi anayeangua leo hujifunza harufu ya aliyemkuta, na anamhudumia kama mama yake. Sasa unaelewa kwa nini kiroba kile kingekuwa na thamani kama ungekitumia hivi. Wafanyakazi wakishaanza kutembea, ndipo unaleta maji ya sukari na vipande vya dagaa.

Sasa mambo ambayo vitini vya mafunzo huyapitia mbio. Malkia kudondosha mbawa si ushahidi kwamba amepandwa. Hutaga pia akiwa hajapandwa, na huwezi kumtofautisha kwa macho. Unasubiri uone kama wanatoka wafanyakazi. Wengi hufa kwenye neli bila sababu ninayoweza kuitaja kwa uhakika. Kuna ushauri wa kuweka malkia wawili neli moja ili kazi iende haraka. Inaweza kwenda haraka, ila mimi sina imani nao, maana mwisho koloni hubaki na mmoja na sipendi kulipia ugomvi huo. Na kama una mikorosho miwili tu, sidhani usumbufu wote huu unakulipa. Tafuta jirani mwenye koloni ufunge kamba.

Ukiachia koloni changa, kagua mti kwanza. Ukiwa tayari na majimoto wengine, usithubutu. Ukiwa na wale sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, hao ni adui wakubwa zaidi. Mtafiti wa wadudu M. J. Way aliliona hili Zanzibar miaka ya 1950 alipochunguza mdudu anayeharibu nazi: pale Pheidole walipotamalaki, majimoto waliondolewa na minazi ikabaki bila mlinzi. Mdudu huyo alikuja kupewa jina la Way, Pseudotheraptus wayi, na ndiye huyohuyo anayefyonza korosho zako changa. Shughulikia Pheidole kwanza, kisha leta neli.

Kuhusu kuumwa: korosho huokotwa chini zikishaanguka, kwa hiyo malalamiko ni machache kuliko mnavyodhani. Ukilazimika kupanda, pakaa jivu mikononi. Wenye miembe mna kesi nyingine.